UZI: Chanjo ya meningokoka kwa mtoto mdogo mwenye upungufu wa kinga (ratiba, makosa ya mezani, na mahali chanjo inapokwama)

DktKinga #1

Wakuu, swali la namna ya kumchanja meningokoka mtoto mwenye upungufu wa kinga huulizwa kana kwamba upungufu huo ni ugonjwa mmoja. Kuna mtoto aliyetolewa bandama. Kuna wa selimundu, ambaye bandama anayo ila imekufa kazi. Kuna mwenye kasoro ya komplementi (protini za damu zinazosaidia kuua bakteria), kuna anayeishi na VVU, kuna asiyetengeneza kingamwili kabisa, na kuna anayetumia dawa inayoifunga komplementi makusudi. Wote sita wataandikiwa chanjo ileile, lakini kila mmoja atapata kitu tofauti ndani yake.

Kwanza mdudu mwenyewe. Neisseria meningitidis amevaa ganda la sukari, na ganda hilo ndilo linalompa kundi: A, B, C, W, X na Y ndiyo yanayosababisha karibu ugonjwa wote mkali. Akiingia kwenye damu, mwili una njia mbili za kummaliza. Ya kwanza, kingamwili humshika, komplementi inajipanga juu yake hatua kwa hatua, na vipande vya mwisho (C5 hadi C9) vinatoboa ngozi yake apasuke. Ya pili, kingamwili na kipande cha C3 humpaka alama, halafu seli nyeupe humla.

Kwa hiyo angalia mtoto amekosa nini. Asiye na C5–C9 hawezi kutoboa, ila kumeza anaweza, mradi kingamwili ziwe nyingi. Huyo chanjo inamfaa sana, kwa sababu inaimarisha njia pekee iliyobaki. Asiye na bandama amekosa chujio la damu, naye kingamwili humsaidia kwa kuwa ini linaweza kuchuja bakteria aliyepakwa vizuri. Mwenye VVU anatengeneza kingamwili, ila chache na zinashuka upesi. Asiyetengeneza kingamwili kabisa, chanjo haimwongezei kitu cha maana, anaishi kwa zile za kuongezewa mshipani au chini ya ngozi.

Hatari nayo haifanani. Kwa kasoro ya C5–C9 hutajwa mara 1,000 hadi 10,000 ya mtu wa kawaida. Kwa VVU ni mara 5 hadi 24.

Jambo moja liwatoe hofu: chanjo zote za meningokoka zinazotumika hazina mdudu hai. Haziwezi kumwambukiza mtoto hata kama kinga yake ni sifuri. Hofu hiyo iwekwe kwenye BCG, polio ya matone na rota, si hapa.

---

NesiPaja #2

Asante Dokta. Naweka ratiba ya ACWY (chanjo ya makundi A, C, W na Y) ya Marekani kwa watoto wa hatari (bandama, komplementi, VVU), kwa chanjo ya Menveo, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa kina zaidi kwa umri mdogo.

Akianza na miezi 2: dozi nne, yaani mwezi wa 2, 4, 6 na 12.

Akianza kati ya miezi 3 na 6: dozi tatu au nne. Unatoa kila baada ya wiki 8 au zaidi mpaka apate dozi moja akiwa na miezi 7 au zaidi, halafu ya mwisho baada ya angalau wiki 12, naye awe ametimiza mwaka.

Akianza kati ya miezi 7 na 23: dozi mbili. Ya pili isikaribie chini ya wiki 12, na lazima iwe baada ya kutimiza mwaka.

Akianza na miaka 2 au zaidi: dozi mbili, wiki 8 au zaidi kati yake. Si moja! Hapa ndipo wengi wanateleza, maana mtoto mwenye afya wa umri huo angepewa moja.

Nyongeza: aliyemaliza kabla ya miaka 7 anapata moja baada ya miaka 3, kisha kila miaka 5 maadamu hatari bado ipo. Kwa kukosa bandama au kasoro ya kuzaliwa, hiyo ni maisha yote.

Akikosa tarehe, msianze upya. Endeleeni pale alipoishia. Dozi iliyowahi sana ndiyo tatizo, iliyochelewa inahesabiwa.

---

Tabibu_Mpya #3

Shikamooni wakubwa. Maswali mawili. Kwa nini nyongeza zifuatane hivyo wakati chanjo hizi za kisasa zinasifiwa kujenga kumbukumbu? Na mtoto aliyekwisha kupata MenAfriVac, hiyo inahesabiwa kama dozi ya kwanza?

---

DktKinga #4

Marahaba. La kwanza ni zuri, na jibu lake ni hesabu ya siku. Seli za kumbukumbu zikiamshwa zinahitaji takriban siku 4 hadi 7 kumwaga kingamwili za kutosha. Meningokoka kwa kawaida anaugua mtu ndani ya siku chache tu tangu ampate, mara nyingi chini ya nne. Kumbukumbu inafika msibani. Kinachookoa ni kingamwili zilizopo kwenye damu siku ile mdudu anapovuka koo, na kwa watoto wachanga hizo hushuka haraka. Ndiyo maana baada ya miaka 3 unazipandisha tena.

La pili: hapana. MenAfriVac ina kundi A peke yake. Ilifanya kazi kubwa katika ukanda wa meninjitisi wa Afrika tangu Burkina Faso ilipoanza Desemba 2010, lakini kwa mtoto huyu haijagusa C, W wala Y. Andika kwenye kadi "A tu", anza ratiba ya ACWY kama hajapata kitu.

Men5CV ni habari nyingine, ina A, C, W, Y na X, na WHO iliithibitisha mwaka 2023. Hata hivyo ratiba yake ya dozi moja kati ya miezi 9 na 18 imepangwa kwa mtoto wa kawaida katika nchi za ukanda huo. Mtoto wa hatari akiipata, sawa kabisa, asinyimwe, ila dozi moja isichukuliwe kuwa kazi imekwisha. Na B haimo.

---

MfamasiaMtulivu #5

Naongeza upande wa chupa, maana ratiba nzuri inaharibikia mezani.

Menveo ya watoto wadogo ni vichupa viwili. Kimoja kina unga, huo ndio kundi A. Kingine kina maji, na hayo maji si ya kuchanganyia tu, ndimo walimo C, W na Y. Unavuta maji yote, unayaingiza kwenye unga, unatikisa mpaka unga uyeyuke wote, kisha unavuta mililita 0.5. Kitabaki kidogo kichupani, usihangaike nacho. Tumia mara moja. Mwisho kabisa ni saa 8 baada ya kuchanganya.

Makosa mawili ya kila mahali:

Mtu anachoma maji peke yake kwa sababu yanaonekana kama chanjo kamili. Mtoto amepata C, W na Y, A hana. Kwa mtoto wa hatari rudia dozi iliyochanganywa sawasawa, hakuna haja ya kusubiri.

La pili, mtu anayeyusha unga kwa maji ya sindano ya kawaida. Hapo mtoto amepata A tu. Rudia vilevile.

Njia rahisi ya kuligundua kosa: mwisho wa siku hesabu vichupa vitupu. Vya unga na vya maji lazima vilingane. Ukikuta unga mmoja haujafunguliwa, kuna mtoto wa kutafutwa. Ipo pia Menveo ya kichupa kimoja tayari, lakini kwa lebo ya Marekani hiyo ni ya kuanzia miaka 10. Usimpe mtoto mdogo kwa kuona jina limefanana.

Nimenrix, ACWY nyingine, ni unga na bomba lililokwisha jazwa maji. Kwa lebo ya Ulaya inaanza wiki 6: akiwa chini ya miezi 6 dozi mbili kwa nafasi ya miezi 2, kisha nyongeza akitimiza mwaka. Imebebwa juu ya protini ya pepopunda, ndiyo sababu inashauriwa itolewe siku moja na chanjo nyingine yenye pepopunda, au itangulie kwa mwezi. Pepopunda ikitangulia peke yake, mwitikio wa baadhi ya makundi unaweza kupungua.

Menactra (nayo ni ACWY) mkiikuta kwenye kadi za zamani: kwa asiye na bandama au mwenye VVU haikutakiwa kabla ya miaka 2, na ilitakiwa kusubiri wiki 4 baada ya kumaliza chanjo ya nimonia (PCV), kwa sababu ilipunguza mwitikio wa PCV. Kwa mtoto wa selimundu nimokoka ni adui mkubwa kuliko meningokoka, kwa hiyo kubomoa PCV ili kujenga hii ni biashara ya hasara. Menveo na Nimenrix hazina kikwazo hicho.

---

Mtunza_Friji #6

Kwa kuwa mmefika kwenye chupa: nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga, na ZISIGANDE. Watu wanaogopa joto, lakini kwenye friji nyingi kinachoharibu chanjo bila kelele ni baridi. Kichupa kilichobanwa kwenye ukuta wa nyuma, au kilicholazwa juu ya pakiti ya barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza, kinaganda, kinayeyuka, kinarudi kuonekana kizima. Pakiti ya barafu iachwe nje mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo ipangwe kwenye kisanduku.

Bexsero ikitulia inatua weupe chini. Hiyo si kuharibika, itikise iwe uji mweupe sawasawa. Ikibaki na vipande baada ya kutikiswa, iweke kando.

---

NesiPaja #7

Uchomaji, kwa kifupi. Mililita 0.5 kwa umri wote, msigawe nusu kwa mtoto mchanga au njiti. Njiti huhesabiwa umri wa kuzaliwa, si wa mimba. Chini ya mwaka ni paja, upande wa mbele kuelekea nje, katikati. Sindano ya milimita 25 inafaa wengi. Fupi inaishia kwenye mafuta, uvimbe unakuwa mkubwa. Ikitokea ACWY imeingia chini ya ngozi badala ya msuli, inahesabiwa, msirudie.

Chanjo mbili kwenye paja moja ziachane angalau sentimita 2.5, na kadi iseme ipi ilikuwa juu ipi chini. Bila hivyo paja likivimba hamtajua la kulaumu.

Sasa kwa watoto wetu hawa kuna jambo ambalo halimo kwenye mabango ya ukutani. Baadhi ya kasoro za kinga huja na chembe sahani chache (Wiskott-Aldrich ni mfano). Tumia sindano nyembamba, geji 23 au nyembamba zaidi, kisha bana kwa pamba kavu dakika 2 kamili BILA kusugua. Kusugua ndiko kunakoleta damu kuvilia ndani.

---

Tabibu_Mpya #8

Na kundi B? Naona wengi wanaishia ACWY wanasema mtoto amemaliza.

---

MfamasiaMtulivu #9

Hajamaliza. Sukari ya ganda la kundi B inafanana na sukari iliyo kwenye seli za neva za binadamu, kwa hiyo mwili hauichukulii kama adui, na chanjo ya ganda haikuwezekana. Ikabidi itengenezwe kwa protini za juu ya bakteria. Kwa watoto wadogo iliyopo ni Bexsero, yenye protini tatu pamoja na mapovu ya ngozi ya nje ya bakteria. Uingereza iliiweka kwenye ratiba ya watoto wachanga Septemba 2015. Marekani leseni yake inaanza miaka 10, ndiyo maana ukisoma ratiba ya huko tu utadhani mtoto mchanga hahitaji B. Si kwamba hahitaji, ni leseni.

Kwa lebo ya Ulaya: akianza na miezi 2–5, dozi mbili kwa nafasi ya miezi 2 au tatu kwa nafasi ya mwezi, na nyongeza kwenye miezi 12–15. Miezi 6–11, dozi mbili kwa nafasi ya miezi 2, nyongeza ndani ya mwaka wa pili, angalau miezi 2 baada ya ile ya mwisho. Miezi 12–23, mbili kwa nafasi ya miezi 2, na nyongeza baada ya miezi 12 hadi 23. Miaka 2–10, mbili kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi.

Bexsero inaleta homa, hasa ikitolewa siku moja na chanjo nyingine. Utaratibu wa Uingereza kwa walio chini ya mwaka: parasetamoli miligramu 60 mara tu baada ya sindano, ya pili baada ya saa 4–6, ya tatu baada ya saa 4–6 nyingine. Kwa sirapu ya miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 2.5. SOMENI LEBO. Kuna sirapu za 250 kwa mililita 5, na matone ya 100 kwa mililita MOJA. Mililita 2.5 za matone hayo ni miligramu 250, zaidi ya mara nne. Toeni bomba la mdomoni lenye alama, msitegemee kijiko. Imepimwa pia kwamba parasetamoli hii haipunguzi kinga ya Bexsero.

---

DktKinga #10

Mfamasia, hapo kwenye parasetamoli nitapinga kidogo. Si dozi, ni maelezo yanayofuatana nayo. Mama wa mtoto wa kawaida anaambiwa homa ya ndani ya saa 48 baada ya Bexsero anaweza kuitunza nyumbani mtoto akiwa mchangamfu. Maneno hayohayo yakisomwa kwa mama wa mtoto asiye na bandama ni hatari. Kwa huyo, nyuzi 38 ni nyuzi 38. Homa ya chanjo na homa ya bakteria kwenye damu zinafanana kabisa saa sita za mwanzo.

---

MfamasiaMtulivu #11

Sipingi Dokta. Lakini ukimzuilia parasetamoli unazalisha homa nyingi za bure, kila moja ikiisha na sindano ya antibayotiki, na mara ya tatu mzazi anaacha kuja kuchanja.

---

DktKinga #12

Basi tukutane hapa: apewe dozi tatu kama kawaida, achanjwe asubuhi na mapema katika siku ya kazi (si Ijumaa jioni), Bexsero isirundikwe na chanjo nne nyingine siku hiyohiyo kama kuachanisha hakutachelewesha ratiba. Na aambiwe wazi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kulegea, au kukataa kunyonya, aje aonwe siku hiyohiyo hata kama dozi ya parasetamoli imeishusha. Anayeona mtoto ndiye aamue kama ni chanjo. Mzazi asibebeshwe uamuzi huo.

---

MaabaraKuu #13

Niingie kwenye komplementi kwa sababu kuna watoto wanaandikiwa kasoro ambayo hawana.

CH50 inapima mkondo mzima wa kawaida, AH50 inapima njia mbadala. CH50 sifuri na AH50 sifuri: tafuta kwenye C3 au C5–C9. CH50 sifuri, AH50 nzima: ni C1, C2 au C4. CH50 nzima lakini AH50 imeanguka, na mtoto ni wa kiume: fikiria kasoro ya properdini (protini ya njia mbadala), inayorithiwa kupitia mama. Hii ya mwisho inapotea kirahisi kwa sababu watu huagiza CH50 peke yake, ikirudi nzima wanafunga faili. Kumbe properdini ndiyo yenye maambukizi makali ya ghafla.

Sampuli: komplementi hufa kwenye joto la chumba. Damu igande, seramu itengwe mapema, igandishwe nyuzi 70 chini ya sifuri na isafiri kwenye barafu kavu. Bomba lililokaa mezani mchana kutwa litasoma chini, na mtoto ataitwa mgonjwa wa maisha. Msipime pia katikati ya ugonjwa, kwani komplementi inatumika vitani. Rudieni wiki kadhaa baada ya kupona. Sifuri tupu mara mbili ina maana, "chini kidogo" mara moja haina.

Ikithibitika C5–C9, pimeni ndugu wa tumbo moja: kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Mwenye kasoro hii anaweza kukaa mzima mpaka ujana ndipo augue kwa mara ya kwanza, kwa hiyo ukimya wa utotoni si ushahidi.

---

Tabibu_Mpya #14

Maabara, je, tunaweza kupima kingamwili baada ya chanjo tuone kama imeshika?

---

MaabaraKuu #15

Mnaweza, ila someni jibu kwa akili. Kipimo chenyewe ni cha kuua bakteria: seramu ya mtoto inapunguzwa nguvu hatua kwa hatua, kisha inaongezwa komplementi kutoka NJE, ya binadamu mwingine au ya sungura. Jibu la 1:4 kwa komplementi ya binadamu, au 1:8 kwa ya sungura, huhesabiwa kinga.

Umeona mtego? Mtoto asiye na C6 anaazimwa C6 ndani ya bomba. Jibu litasema kingamwili zipo, na ni kweli zipo, lakini halisemi damu yake mwenyewe inaua. Kwa anayepewa kingamwili za kuongezewa, mtego ni mwingine: unapima za wachangiaji damu, si zake.

---

DktKinga #16

Hilo linatuleta kwenye ekulizumabu na raviulizumabu, ambazo watoto wa aHUS (ugonjwa wa damu kuvunjika na figo kuharibika) hupewa. Zinafunga C5. Hatari ya meningokoka inapanda hadi karibu mara 2,000, na wapo waliougua wakiwa wamechanjwa kikamilifu, wengine kwa bakteria asiye na ganda kabisa, ambaye ACWY haimgusi. Chanjo hapa ni ya lazima lakini haitoshi.

Utaratibu: ACWY na B zote zitolewe angalau wiki 2 kabla ya dawa ya kwanza. Ugonjwa usiporuhusu kusubiri, chanja siku hiyo, anza dawa, na funika kwa antibayotiki. Waganga wengi hawaishii wiki 2, wanaendelea na penisilini muda wote wa dawa, na mimi niko upande huo. Dozi zinazofuata za chanjo zipangwe muda mfupi baada ya dripu ya ekulizumabu. Chanjo huamsha komplementi, na mwisho wa mzunguko wa dawa damu inaweza kuanza kuvunjika.

---

NesiPaja #17

Muda mwingine wa kukumbuka, maana kadi huja na maswali haya:

Upasuaji wa bandama wa kupangwa: wiki 2 au zaidi kabla. Wa dharura: subiri siku 14 baada, isipokuwa kama una wasiwasi familia haitarudi. Hapo chanja kabla hajaruhusiwa kutoka.

Kingamwili za kuongezewa (IVIG): haziingiliani na chanjo hizi. Hata siku moja sawa. Kanuni ya kusubiri miezi ni ya surua na tetekuwanga.

Rituximabu: angalau miezi 6 tangu dozi ya mwisho, kabla ya hapo seli za kutengeneza kingamwili hazipo. Tiba ya saratani: miezi 3 hadi 6 baada ya kumaliza. Uboho uliopandikizwa: anza upya kuanzia mwezi wa 6 hadi 12, dozi za zamani zimefutika.

VVU: msisubiri CD4 ipande ndipo mumchanje. Chanja sasa, dozi zote mbili. Mwitikio huwa dhaifu zaidi kwa kundi C, na kwa mwenye CD4 ya chini sana, ila kidogo ni bora kuliko kusubiri bila kitu.

---

MfamasiaMtulivu #18

Penisilini imetajwa, tuweke namba. Kwa selimundu: penisilini V miligramu 125 mara mbili kwa siku chini ya miaka 3, kisha 250 mara mbili kuanzia miaka 3, angalau mpaka miaka 5. Aliyetolewa bandama anaendelea zaidi. Sirapu ikishachanganywa na maji inakaa friji siku 7 hadi 14 kulingana na lebo, baada ya hapo ni maji matamu. Chupa ya mwezi mzima iliyochanganywa mara moja haipo. Kama familia haina friji, mpe tembe, isagwe na ichanganywe na maziwa kidogo kila dozi.

Mzazi akiuliza "kachanjwa, dawa ya nini tena?": chanjo hailindi makundi yote ya nimokoka wala bakteria wengine wanaompenda asiye na bandama.

---

Tabibu_Mpya #19

Na wanaoishi naye?

---

DktKinga #20

Wachanjwe ACWY kwa ratiba yao. Chanjo za ganda zilizounganishwa na protini hupunguza mdudu kubebwa kooni, kwa hiyo kaka na dada wanakuwa ukuta. Ya B haina sifa hiyo: utafiti mkubwa kwa vijana wa Australia Kusini uliochapishwa 2020 haukuona ubebaji ukipungua. B kwa mtoto mwenyewe, ACWY kwa nyumba nzima.

Akigusana na mgonjwa wa meningokoka, apewe dawa ya kinga hata kama kadi imejaa: rifampisini miligramu 10 kwa kilo kila saa 12 kwa siku 2 (5 kwa kilo chini ya mwezi mmoja), au seftriaksoni miligramu 125 kwenye msuli mara moja.

Na akipata homa: seftriaksoni miligramu 80 hadi 100 kwa kilo, ya kwanza itolewe kabla ya kusubiri maji ya uti wa mgongo au majibu ya damu. Madoa yasiyofifia ukibonyeza na glasi ni dalili ya kuchelewa, msiyasubiri. Kwenye ngozi nyeusi yatafuteni viganjani, nyayoni, ndani ya kope na juu ya kaakaa.

---

NesiPaja #21

La mwisho kwangu, kadi. Neno "meninjitisi" peke yake kwenye kadi halina maana: linaweza kuwa A, ACWY, B, hata Hib au PCV. Andikeni makundi, jina la chanjo, namba ya toleo, paja gani, na tarehe ya nyongeza inayofuata. Na kwenye jalada la mbele kwa wino mwekundu: HANA BANDAMA, au KASORO YA C6, au EKULIZUMABU, pamoja na "HOMA 38 = SEFTRIAKSONI SASA". Atakayempokea usiku wa manane hatakuwa na muda wa kusoma faili.

---

Tabibu_Mpya #22

Nimeelewa. Mtoto wa miezi 9 mwenye SS (selimundu), ana MenAfriVac moja na PCV zote za uchangani: Menveo leo, ya pili baada ya wiki 12 akiwa ametimiza mwaka, Bexsero mbili kwa nafasi ya miezi 2 na nyongeza mwaka wa pili, nyongeza ya ACWY miaka 3 baada ya dozi ya pili. Sawa?

---

NesiPaja #23

Sawa, na uangalie nyongeza ya PCV ya mwaka wa pili na penisilini kama anaimeza kweli.